Kilomita 214+350 Ni Wapi?

Hotuba kwa wasimamizi wa usalama, wahandisi, wauguzi, askari wa uokoaji na watendaji wa kata wanaopakana na ujenzi wa reli

Ndugu wahandisi na wasimamizi wa usalama, ndugu waganga na wauguzi, askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, watendaji wa kata na wenyeviti wa vijiji: shikamooni wakubwa, na kwa wengine wote habari za asubuhi.

Tuseme ni saa nane mchana na simu ya 114 inalia. Anayepiga anahema. Anasema, "Tuko mia mbili kumi na nne jumlisha mia tatu hamsini, udongo umefukia watu." Aliyepokea anamuuliza, "Hapo ni kijiji gani?" Mpigaji hajui. Amefika kazini wiki mbili zilizopita akitokea mkoa mwingine, na anachokijua ni namba iliyoandikwa kwenye kibao kando ya tuta. Aliyepokea simu naye anaijua Mkata, anaijua Kimamba, anaijua njia ya kwenda Kilosa, lakini namba ya namna hiyo hajawahi kuisikia. Wote wawili wanaijua kazi yao na wote wana nia njema. Gari lina mafuta, dereva yuko tayari, machela imo ndani. Na bado hakuna anayeondoka, kwa sababu hakuna anayejua aende wapi.

Nimekuja kuzungumza juu ya jambo hilo. Tukikaa kupanga dharura, fedha na maneno mengi huenda kwenye vifaa: magari, mitungi, jaketi, ving'ora. Vyote vinahitajika. Lakini kwenye ujenzi wa reli kitu cha kwanza kupotea ni anwani, na anwani ikipotea vifaa vyote vinabaki vimeegeshwa.

Kiwanda kina geti moja na mlinzi mmoja. Ujenzi wa reli ni eneo la kazi lenye upana wa makumi ya mita na urefu wa safari ya siku nzima. Kipande cha SGR, yaani reli mpya ya kisasa, cha Dar es Salaam hadi Morogoro kina njia kuu ya kilomita 205; ukijumlisha njia za kupishania na za stesheni inafika kilomita 300. Morogoro hadi Makutupora ni kilomita 336 za njia kuu, na 422 kwa jumla. Reli hiyo inapita katikati ya jiji, mashamba ya mkonge, mbuga zinazojaa maji, milima ya Kilosa na nyika ya Dodoma. Kila kundi la wafanyakazi liko peke yake, kilomita nyingi kutoka kwa wenzao, na barabara ya kulifikia wiki hii huenda isiwepo mwezi ujao.

Tatizo la anwani lina tabaka kadhaa. Mradi una namba yake ya kilomita: 214+350 maana yake kilomita 214 na mita 350 kutoka mwanzo wa kipimo. Lakini mwanzo uko wapi? Mkandarasi wa kipande kimoja anaweza kuhesabu kutoka Dar es Salaam, na wa kipande kingine akaanza sifuri yake mwenyewe. Reli ya zamani, ile ya geji ya mita moja (upana kati ya vyuma viwili) inayopita jirani, ina vibao vyake, na havilingani na vya reli mpya. Wanakijiji wanapaita "kwenye mbuyu" au "kwa mama wa mkaa". Simu ya msimamizi nayo inatoa majira ya GPS, yaani tarakimu za mahali kwenye ramani. Mahali pamoja, majina manne, na kila mtu ana uhakika na la kwake.

Hata hayo majira yana mtego. Simu moja inaandika nyuzi kwa desimali, nyingine inaandika nyuzi, dakika na sekunde. Nyuzi 6.45 na nyuzi 6 dakika 45 zinapishana kwa zaidi ya kilomita 30. Mtu akisoma tarakimu hizo kwa redio bila kusema ni mtindo gani, gari la wagonjwa linaweza kuishia wilaya nyingine. Chagueni mtindo mmoja, uandikwe mkubwa kwenye kila kadi, na mitindo mingine isitumike kabisa.

Nimetaja kadi, basi tuitazame kadi moja kwa karibu, kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Kila mahali ambapo gari linaweza kuingia kwenye eneo la ujenzi pawe na namba ya geti, fupi, iliyopakwa rangi pande zote mbili: upande wa barabara ili dereva aione, na upande wa tuta ili mfanyakazi aione. Kwenye kadi ya geti hilo mwandike kilomita ya mradi, kilomita ya reli ya zamani kama iko jirani, jina ambalo wenyeji wanalitumia, kijiji na kata. Muandike gari linatoka wapi kwenye lami na kwa umbali gani. Kiangazi linapita gari gani, na masika linapita gari gani. Kama njia inapita chini ya reli, muandike urefu wa kile kivuko kutoka chini hadi dari, kwa sababu ambulensi itapita na gari la zimamoto lenye ngazi juu likakwama. Muandike gari litageuzia wapi. Ufunguo anao nani, na wa akiba uko wapi. Zahanati ya karibu ni ipi, kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji ni kipi, hospitali ni ipi, na mwendo wa kila mojawapo ni dakika ngapi kwa gari lililopimwa njiani. Makisio ya mezani yasiingie hapo.

Kadi hizo zikae mahali panne: kwenye chumba cha mawasiliano cha mradi, kwenye kituo cha zimamoto, kwenye hospitali ya wilaya, na kwa mtendaji wa kata. Na zifanyiwe marekebisho kila wiki mbili, kwa sababu kadi ya Januari mwezi Machi ni ya uongo. Tuta limepanda mita tano, kivuko cha muda kimeondolewa, daraja la muda limesombwa na maji. Halafu unakuja uzio. Reli hii inajengewa uzio pande zote mbili, na siku uzio unapokamilika, njia zote za panya ambazo madereva walizizoea zinafungwa kwa mkupuo. Tunauomba uzio kwa ajili ya usalama wa watoto na mifugo, ni haki kabisa. Lakini fundi wa uzio asifunge nafasi ya mwisho kabla geti lililo karibu nayo halijawekwa kufuli na ufunguo wa akiba haujafika kwenye zile sehemu nne nilizozitaja.

Na gari likishatumwa, lisiachwe litafute. Mtu mmoja mwenye kizibao cha kung'aa na bendera asimame pale linapoacha lami. Usiku awe na tochi. Bodaboda wa kijijini wanaifanya kazi hii vizuri sana kuliko sisi, maana wanajua tope liko wapi. Wasajilini mapema, muwape vizibao, na mkubaliane malipo kabla ya shida kutokea.

Sasa ujumbe wenyewe. Kwenye redio, anayeita aseme "Dharura" mara tatu, na hapo wengine wote wanyamaze mpaka waruhusiwe. Kisha aseme geti na kilomita, kilichotokea, watu wangapi, hatari gani bado ipo, na anahitaji nini. Aliyepokea arudie yote kwa sauti kabla ya kukata. Kwenye miradi yetu lugha zinachanganyika: vipande vya kati vilijengwa na Waturuki, vya Mwanza–Isaka na Tabora–Kigoma vina Wachina, mhandisi mshauri anaandika Kiingereza, na kibarua anazungumza Kiswahili. Msimamizi akipata hofu anarudi kwenye lugha ya mama yake. Ni maumbile ya binadamu. Kwa hiyo maneno ya dharura yawe machache, yasizidi kumi, na kila mtu ayajue kwa Kiswahili, akiwemo mgeni aliyefika jana.

Swali la pili ambalo mwokoaji atauliza ni "Ndani mko wangapi?" Hapa ndipo miradi mingi inaaibika. Mkandarasi mkuu ana orodha yake. Mkandarasi mdogo ana ya kwake. Lakini vibarua watano walichukuliwa getini asubuhi kumalizia zege, na majina yao yako kwenye daftari mfukoni mwa nyapara, ambaye naye amefukiwa. Mama lishe alikuwa amepeleka chai. Dereva wa tipa alishuka kwenda kivulini. Mwokoaji akiambiwa watu sita wakati ukweli ni wanane, ataacha kuchimba mapema. Akiambiwa kumi wakati ukweli ni wanane, ataendelea kuhatarisha askari wake kwa kutafuta watu ambao wako nyumbani. Dawa yake ni ubao wa vibati. Kila anayeingia eneo la hatari, awe bosi au kibarua, anatundika kibati chenye namba, akitoka anakichukua. Ubao ukae nje ya eneo la hatari, mahali ambapo tuta likimeguka halitaufikia.

Kuhusu amri, wahenga walishasema: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Pale panapotokea ajali, msimamizi wa kundi ndiye kamanda kuanzia dakika ya kwanza. Zimamoto wakifika, anakabidhi kwa maneno yanayosikika: "Nakukabidhi amri, saa tisa na dakika kumi, watu wawili bado wako chini, umeme umezimwa au haujazimwa." Baada ya hapo haondoki. Anasimama bega kwa bega na kamanda mpya, kwa sababu yeye ndiye anayejua bomba liko wapi na shimo lilichimbwaje. Mkuu wa mradi akifika na msafara wake akae kituo cha nyuma, ashughulikie simu za wakubwa na ndugu wa majeruhi. Akianza kutoa maagizo shimoni, mumkumbushe kwa adabu. Ni wajibu wenu.

Nizungumzie udongo kwa kirefu, kwa sababu unaua haraka na unaua hata wanaokuja kuokoa. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito unaokaribia tani mbili ukiwa umelowa. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani huku kichwa kiko nje bado anaweza kufa, maana kifua hakipanuki kuvuta hewa. Kila akitoa pumzi udongo unashuka kidogo na kujaza ile nafasi. Wenzake wakimwona hivyo wanaruka shimoni na makoleo, uzito wao na mtikisiko vinameguza ukuta wa pili, na waliofukiwa sasa ni wanne.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni ngumu kwa moyo: wazuieni watu kushuka. Zimeni mashine zote zilizo jirani, pamoja na tipa zinazopita barabara ya juu, kwa sababu mtetemo unameguza udongo. Kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, kirudi nyuma mbali na ukingo, na ule udongo uliorundikwa pembeni usogezwe kwa mikono kutoka ukingoni. Lazeni mbao nene pande zote za shimo ili uzito wa waokoaji utawanyike. Wekeni nguzo na mbao za kuzuia kuta kuanzia juu kwenda chini, ndipo mtu wa kwanza ashuke, akiwa na mkanda na kamba. Karibu na mwili mnachimba kwa mikono na ndoo. Msichimbe kwa kijiko kumtafuta mtu aliyefukiwa, hata kama mwendeshaji ni hodari kiasi gani. Meno ya ndoo ya kijiko hayatofautishi mfinyanzi na bega.

Shimo lolote la kuanzia mita moja na nusu, na hata la chini yake kama udongo ni wa kichanga au umelowa, lilazwe kuta zake au liwekewe mbao kabla mtu hajaingia, na ngazi iwe karibu. Mitaro ya kalavati, ya kupitishia maji chini ya tuta, ndiyo inayodanganya zaidi. Ni mifupi, kazi yake ni ya nusu siku, na nyapara anasema "tunamaliza sasa hivi".

Kuna jambo la waganga hapo hapo. Mtu aliyebanwa mapaja na jiwe, taruma (boriti inayolaziwa reli) au mtambo kwa saa moja au zaidi anaweza kuongea nanyi vizuri, akaomba maji, kisha akafa dakika chache baada ya kuondolewa mzigo. Misuli iliyopondwa ilikuwa imejaza potasiamu na sumu nyingine. Mzigo ukinyanyuliwa, vyote vinarudi moyoni kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mzigo usinyanyuliwe kabla mhudumu wa afya hajafungua mshipa na kuanza dripu ya maji ya chumvi, kiasi cha lita moja kwa saa kwa mtu mzima. Yawe maji ya chumvi ya kawaida. Ringer, dripu ya aina nyingine, ina potasiamu ndani yake, haifai hapa. Hii ndiyo sababu tunawaomba hospitali za wilaya mumtume mhudumu mwenye ujuzi huo aje na gari, asisubiri mapokezi.

Tugeukie umeme. Reli hii inaendeshwa kwa volti 25,000. Miezi mingi ya ujenzi waya wa juu umekaa bila umeme. Mafundi wameupanda, wameuegemea, wametundika mikoba yao. Siku ya kuwashwa kwa majaribio ndiyo siku ya hatari, kwa sababu mazoea hayazimwi kwa tangazo la ubaoni. Mtoeni kila mtu kwenye kipande hicho, mhesabu vibati, mtangaze vijijini kwa kipaza sauti na misikitini na makanisani, kwa siku kadhaa kabla. Wachungaji wanaobeba fimbo ndefu, vijana wanaopanda juu ya mabehewa na wanaochuma maembe kwa upondo waambiwe kwa lugha iliyo wazi: usikaribie waya kwa chini ya mita tatu. Umeme wa kiwango hicho unaruka hewani, hauhitaji kuguswa.

Ajali ikitokea chini ya waya, swali la kwanza ni kama umezimwa, na la pili ni kama umefungwa ardhini, yaani umeunganishwa na ardhi ili umeme uliobaki ushuke. Watu wengi wanaridhika na la kwanza. Waya uliozimwa bado unaweza kubeba umeme unaojipenyeza kutoka waya wa njia ya jirani inayofanya kazi, wa kutosha kuua. Kwa hiyo chumba cha kuongozea umeme kikate, mtu wa umeme aliye eneo la tukio apime kwa kifaa, kisha afunge fito za ardhi pande zote mbili za mahali pa kazi, ndipo aseme kwa kamanda, kwa jina la kipande na namba za nguzo mbili za mpaka, "kimezimwa na kimefungwa ardhini." Kabla ya maneno hayo askari wa zimamoto asifungue maji, asisimamishe ngazi, asimguse majeruhi aliyening'inia. Tunajua uchungu wa kusimama mita kumi kutoka kwa mtu anayeungua. Ndiyo maana muda wa kukata umeme upimwe kwenye mazoezi, na mtu wa umeme awepo kwenye gari la kwanza.

Fundi aliyeanguka akabaki kwenye mkanda wake juu ya nguzo au daraja naye hasubiri. Miguu ikining'inia bila kutikisika, damu inakaa chini na anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Timu inayofanya kazi juu iwe na kamba yake na watu wake wawili waliozoezwa kumshusha. Zimamoto ya mjini haitamwahi.

Mahandakini, kama yale manne ya Kilosa yenye jumla ya takribani kilomita 2.6, baruti ina sheria zake. Tambi, yaani uzi wa kuwashia baruti, ikikataa kulipuka, hakuna anayerudi kuangalia kabla ya nusu saa, na anayerudi ni mlipuaji mwenye leseni peke yake. Moshi wa baruti una gesi mbili za kuogopwa. Moja ni kaboni monoksaidi, haina harufu, inamlaza mtu. Nyingine ni naitrojeni dayoksaidi, ya rangi ya kahawia, na hila yake ni kuchelewa. Mfanyakazi anatoka akikohoa kidogo, anakunywa maji, anasema yuko salama, anakwenda kulala kambini. Usiku mapafu yanajaa maji. Aliyevuta moshi huo akae chini ya uangalizi wa hospitali kwa saa 24 hata kama anacheka na wenzake. Na handaki likiwaka moto, asiwepo wa kugeuza mwelekeo wa feni kwa hiari yake. Hewa mnayoigeuza inaweza kuupeleka moshi kwa watu waliokimbilia upande wa pili.

Reli ikishalazwa, yanakuja magari ya kazi: treni za kokoto, za mataruma, mashine za kushindilia. Haya yanasukumwa nyuma, mara nyingi usiku, kwenye njia isiyo na ishara. Mkoa wa Dodoma unaikumbuka tarehe 24 Juni 2002, eneo la Igandu, treni ya abiria iliporudi nyuma mteremkoni na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Ile ilikuwa reli ya zamani, lakini milima ni ile ile. Behewa la kokoto lililoachwa mteremkoni lifungwe breki ya mkono, liwekewe vizuizi vya magurudumu, na hewa ya breki isitegemewe, maana inavuja taratibu. Na kunapokuwa na majeruhi kwenye njia, kabla ya machela kutandikwa watu wawili wakimbie, mmoja kila upande, na bendera nyekundu, zaidi ya mita elfu moja. Treni ya kazi iliyojaa haisimami kwa kuonwa.

Tena msisahau reli ya jirani. Kreni ikiangukia njia ya zamani wakati ikijenga mpya, nani anapiga simu chumba cha kuongoza treni za njia ya zamani? Na huduma zikianza nusu nusu, kama zilivyoanza Dar es Salaam–Morogoro tarehe 14 Juni 2024 na kufika Dodoma tarehe 25 Julai huku vipande vya mbele vikiendelea kujengwa, kunakuwa na vyumba viwili vya kuongozea na mpaka kati yao. Mpaka huo uandikwe kwa kilomita, na simu ya moja kwa moja iunganishe vyumba hivyo usiku na mchana.

Sasa niwageukie watendaji na wenyeviti. Tuta la reli ni ukuta. Kabla halijajengwa, mvua ilipita popote. Likishajengwa, maji yote yanategemea makalavati. Kalavati likiachwa na mbao za zege ndani, au likazibwa na magogo na vifusi, tuta linageuka bwawa, na kijiji kilicho upande wa juu kinafurika usiku mmoja. Bonde la Mkondoa linajulikana: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliiharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe na kuacha watu wengi bila makazi. Mradi wowote katika bonde kama hilo unahitaji wapima mvua kwenye vijiji vya juu, watu wa kijijini wenye chombo cha kupimia na simu yenye salio linalolipwa na mradi. Mkikubaliana kiwango cha milimita kwa saa, mwenyekiti wa kijiji cha juu anapiga, na kundi la chini linatoka mtoni bila kusubiri mvua iwafikie. Mara nyingi pale chini jua linawaka, na ndiyo sababu watu wanabisha. Mmpe msimamizi mamlaka ya kuwatoa watu bila kuomba ruhusa ya mtu.

Na yale mashimo ya kuchimbia vifusi. Yanajaa maji, yanapendeza, watoto wanaogelea. Kuta zake zimesimama wima, mtoto akiteleza hana pa kushika. Kuta zilazwe ziwe mteremko wa hatua tatu mbele kwa moja chini, uzio uwekwe siku kazi inapoanza, na kamba yenye boya itundikwe kwenye nguzo. Jambo hili halina teknolojia yoyote. Ni la buldoza kufanya kazi siku moja zaidi, na hatuna sababu ya kulikosa.

Majeruhi akishaondoka, kuna vizuizi vya makaratasi. Kaeni na polisi wa wilaya na mkuu wa hospitali mkubaliane kwa maandishi kwamba kwa ajali ya mradi PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, inafuata majeruhi hospitalini, na matibabu yanaanza bila kuisubiri. Taarifa kwa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi itolewe, na eneo lihifadhiwe lilivyo, isipokuwa kile kilichoondolewa kuokoa uhai. Kibarua wa siku moja naye ni mfanyakazi. Jina lake liwe kwenye orodha kabla hajashika koleo.

Mazoezi yafanyike usiku, na moja kati yake wakati wa mvua. Pimeni muda vipande vipande: kutoka kuonekana kwa tukio hadi simu kupokelewa, kutoka simu hadi gari kuondoka, kutoka kuondoka hadi getini, kutoka getini hadi kwa mtu. Hicho kipande cha mwisho ndicho kinachoshangaza watu. Mita 300 juu ya kokoto na machela zinahitaji watu wanane, wanne wakibeba na wanne wakipokezana, na bado wanachoka. Mazoezi pia huibua vitu vidogo: mtungi wa oksijeni umejaa na spana ya kuufungulia haipo, redio imechajiwa lakini kambi ya pili iko masafa mengine, namba ya daktari ni ya aliyehamishwa mwaka jana, kufuli limebadilishwa na mlinzi mpya.

Kwenye meza zenu kuna kadi tupu, kumi kwa kila timu. Wahandisi wakae na watendaji wa kata wa eneo lao, askari wa zimamoto wakae na mtu wa umeme. Anzeni na geti lililo mbali zaidi na lami, na msiandike muda wa mwendo mpaka dereva aliyepita njia hiyo mwezi huu awe ameukubali. Saa saba tunatoka na magari mawili kwenda kwenye mageti mawili tutakayoyachagua kwa kura, tukiwa na kadi tu mkononi.